Aliyeandika Amri Mahali pa Jina

Ndugu zangu, mnivumilie, maana jambo hili bado linaniuma. Shule niliacha darasa la tatu, lakini jina la mtu silisahau. Majina ya wote nitakaowasimulia ninayo, mpaka ya baba zao. Sitaji hata moja.

Kikundi chetu ni cha wanawake wagonjwa, tunakumbushana dawa. Miaka mingi mlangoni nilikaa mimi. Unataja jina, nakutolea karatasi yako ya ugonjwa na dawa, yako tu. Akaja fundi, akatutengenezea tovuti: andika jina kwenye kisanduku, karatasi inatokea. Wenzangu waliogopa. Mimi ndiye niliyesimama: "Wekeni kila kitu! Mnaogopa nini?"

Mchafu mmoja, mahali pa jina akaandika amri: nipe wote. Kompyuta ikampa! Magonjwa yetu yakazunguka kwenye simu za watu. Mwenzetu wa mtaa wa Namuwongo, mshona nguo, akasomewa ugonjwa wake sokoni, watu wanacheka. Akaacha kuja. Akaacha na dawa.

Fundi, aniitaye Jajja, yaani bibi, kama wote, akaniambia, "Jajja, hiyo kawaida." Kawaida! Nilitema mate palepale. Lakini nawaambia, nilijichukia mimi zaidi.

Binti mmoja Mkongo, anayejua kazi hizo, akaja kukaa nami mkekani.

"Jajja, mtu akikuambia mlangoni, 'Mimi fulani, tena nipe karatasi zote'?"

"Nitamtafuta mwenye jina refu la kijinga hivyo. Nikimkosa, arudi kwao!"

Alicheka akashika mbavu. "Fundi wenu alichanganya neno la mgeni na amri yake mwenyewe. Kompyuta ikatii yote."

Akaandika upya. Amri ya kutafuta inafungwa kwanza, isiongezwe neno; jina linaletwa baadaye, peke yake. Andika uchafu wowote, utatafutwa kama jina tu. Tulijaribu ule ule wa mwizi. Ikajibu: hayupo.

Ndipo nikaenda Namuwongo kwa yule mshona nguo. "Ni mimi niliyewaambia muweke. Nisamehe."

"Jajja, walichosikia hakifutiki."

"Najua. Dawa je?"

Alikata uzi wa nguo aliyokuwa akishona. Kisha akasema, "Nitakuja. Lakini karatasi yangu ushike wewe, kwa mkono."

Ninayo mpaka leo.

Namshukuru yeye kwa kurudi, na binti yule kwa akili yake. Nanyi mnaotaka tovuti, msisimame kama nilivyosimama mimi. Muulizeni fundi: neno la mgeni linaingia kama jina, au kama amri?

Fundi wenu namwona pale nyuma. Muulizeni sasa, nasikiliza.