Shangazi Aliyevipa Vitufe Majina

Kwa moyo mzito tunawatangazia wafanyakazi wote kuwa kuanzia Ijumaa, tarehe 30 Juni, birika la ghorofa ya pili halitakuwa na mlinzi. Shangazi, kama sote tunavyomwita hapa kazini, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, na hakuna mwingine anayeweza kujua kwa sikio tu kwamba maji yanakaribia kuchemka, na nani anayanyemelea.

Aliingia hapa akiwa opereta wa simu. Haoni tangu utotoni, lakini alitutambua sote kwa mlio wa viatu. Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua vipya ili achelewe kwa amani, akaishia kuulizwa mbele za watu kama vinambana.

Simu zilipopungua, akahamia kitengo cha tovuti yetu, ile ambayo msomaji yeyote anaruhusiwa kuandika na kusahihisha makala. Kompyuta yake humsomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini. Tatizo lilikuwa sisi. Tulichora vitufe vya kupendeza bila kuviandikia majina, basi mashine ikawa inamwambia tu, "Kitufe. Kitufe. Kitufe," kama kasuku mwenye homa. Kipi kinahifadhi, kipi kinafuta, Mungu ndiye ajuaye. Shangazi akadai virekebishwe kabla ya uzinduzi, ili wasioona nao waandike tangu siku ya kwanza. Mkurugenzi akasema wasubiri awamu ya pili.

"Awamu ya pili na kamwe," akajibu Shangazi, "ni mtu na mdogo wake."

Ilipobaki wiki moja, mkurugenzi alikuja kuwaonyesha wageni tovuti hiyo kwenye kompyuta ya Shangazi. Ghafla skrini ikazima, sauti ikaendelea.

"Endelea tu, baba," Shangazi akamhimiza kwa upole. "Mimi hufanya hivyo kila siku."

Mkurugenzi akabonyeza. "Kitufe." Akabonyeza tena. "Kitufe." Akabahatisha. Ujumbe wake wa kuwakaribisha wasomaji, aya sita nzima, ukafutika.

Uzinduzi uliahirishwa mwezi mzima, kila kitufe kikapewa jina. Shangazi naye akapewa barua ya onyo kwa kuchomoa waya wa skrini. Hakukana. Tangu hapo wasioona zaidi ya mia mbili wameandika humo, na wanatusahihisha bila huruma.

Shangazi, asante kwa masikio yako, na hata kwa ulimi wako. Tunakuombea afya, wajukuu wa kuwatania, na vifaa vinavyosema vinachofanya.

Sasa ukweli. Shangazi hakuchomoa waya wowote. Mimi ndiye niliyeinama chini ya meza kutafuta kifuniko cha kalamu, na kiuno cha umri wangu hakina adabu. Nilipojiinua, mguu ukanasa kwenye waya. Nilitaka kwenda kukiri, akanishika mkono.

"Nyamaza wewe! Wakijua ni mguu wako, watanunua waya mpya. Wakidhani ni mimi, watatengeneza vitufe."

Nikanyamaza miaka tisa. Leo asubuhi nimeiomba idara ya utumishi iiondoe barua ile kwenye faili lake, iiweke kwenye langu.