Bi. Vernell Gaines Afunga Kabati la Nota

Alhamisi, tarehe 30 Juni 1988, saa kumi na moja jioni, Bi. Vernell Ardath Gaines atakabidhi funguo za maktaba ya nota ya Okestra ya Ukumbi wa Harcourt, hapa Cleveland. Atakuwa amefanya kazi nasi miaka thelathini na tisa kasoro miezi miwili. Anasema amechoka. Sisi tuliomzoea tunamwamini, maana neno hilo halimtoki ovyo. Tangu nimjue amelisema mara mbili tu, na zote mbili ni mwaka huu.

Aliajiriwa Septemba 1949 kuwa mnakili wa nota, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Alikuwa na shahada ya utunzi wa muziki, na mkono wake kwenye piano ulikuwa umeshatajwa magazetini. Aliomba nafasi ya kupiga piano. Akaambiwa kwamba okestra haina nafasi ya namna hiyo kwa mtu kama yeye, lakini mwandiko wake ni mzuri. Akachukua kalamu. Mchana alinakili nota za watunzi wa Ulaya katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Ijumaa na Jumamosi alipiga jazi katika baa moja ya Barabara ya Cedar. Jumapili alipiga kinanda katika kanisa la Wamarekani Weusi, alikolelewa na mama yake aliyetoka Alabama. Siku ya kupumzika haikuwepo katika ratiba hiyo, na hakuna aliyemuuliza kama amechoka.

Miaka hiyo kila fidla, kila tarumbeta na kila klarineti ilihitaji karatasi yake, na kila karatasi iliandikwa kwa mkono. Bi. Vernell alikuwa akisahihisha makosa ya watunzi kimyakimya. Mtunzi mmoja maarufu alipokuja kusikiliza kazi yake alisifu jinsi okestra ilivyomwelewa, asijue kwamba nota zake kumi na nane zilikuwa zimebadilishwa huko chini. Wapigaji walijua. Naye aliwapenda: kila mwenye siku ya kuzaliwa alikuta mezani pai ya viazi vitamu aliyoioka yeye, isipokuwa mpiga obo wetu wa zamani aliyepoteza karatasi zake mara saba. Yeye alipewa kipande.

Januari 1978, ile dhoruba ya theluji ilipofunga mji, Bi. Vernell alitembea zaidi ya saa moja na nusu hadi ukumbini, nota za onyesho la siku hiyo amezifunga ndani ya koti. Alikuta tupo watu kumi na mmoja. Onyesho lilikuwa limefutwa, na simu yake ilikuwa imekatika. Akapanga karatasi kwenye stendi zote za kuwekea nota, hata za wasiokuja. Nikamwambia hakuna haja. Akanijibu kwamba hakutembea njia yote ile ili azirudishe kabatini zikiwa na joto.

Lakini wasifu huu ungekuwa wa uongo kama ungeishia kwenye pai na theluji.

Kati ya 1956 na 1960 Bi. Vernell aliandika utungo wa piano na okestra, wenye sehemu tatu, wa dakika ishirini na sita. Aliuandika alfajiri kabla ya kuja kazini. Ndani yake fidla zinaimba kama alivyofundishwa chuoni, na chini yake besi inatembea kama ilivyotembea Barabara ya Cedar. Hakuna upande unaokuja kumtembelea mwenzake. Wote wawili ni wenyeji. Katika sehemu ya pili aliacha dakika mbili tupu, mpiga piano apige kile kitakachomjia. Mpiga piano huyo alikuwa awe yeye mwenyewe.

Mwaka 1961 bodi ilikubali utungo huo upigwe. Yaliyofuata nimesimuliwa na Mzee Stanley Hruby, mpiga besi wetu, aliyekuwepo jukwaani. Katika mazoezi ya kwanza, mwongozaji wa wakati huo, Bwana Anselm Reuther, alifika kwenye zile dakika mbili akashusha kijiti.

"Bi. Gaines, hapa wapigaji wangu wasome nini?"

"Hapo hawasomi, Bwana Reuther. Wanamsikiliza wa piano."

"Okestra hii inapiga kilichoandikwa."

Alimpa wiki moja ajaze pale patupu. Akajaza. Alipopiga alichojiandikia, Mzee Hruby anasema ilikuwa kama kumsikia mtu akilazimishwa kusoma barua yake ya mapenzi mbele ya polisi. Bwana Reuther akamwambia, bila ukali wowote, kwamba sasa amejionea mwenyewe: jazi ina nyumba yake, na hii ni nyumba nyingine. Utungo ukaondolewa kwenye ratiba siku tatu kabla ya onyesho.

Bi. Vernell alipita stendi moja baada ya nyingine akakusanya karatasi zake. Kisha akashuka chini, kwa sababu utungo uliochukua nafasi ya wake ulihitaji nota, na mwenye kuziandaa alikuwa yeye. Jumamosi kila karatasi ilikuwa mahali pake.

Hakuacha kutunga. Aliandikia kwaya ya kanisa lake, bendi za shule, na wanamuziki watatu waliopiga naye katika ile baa hadi ilipovunjwa mwaka 1968. Kwetu hakuleta tena hata ukurasa mmoja.

Mimi niliajiriwa kuwa msaidizi wake mwaka 1971. Vuli ya 1986, nikitafuta nota nyingine, nilikuta boksi lenye jina lake, na ndani yake ule utungo. Nilisoma nimesimama mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikafanya jambo nisilojivunia: nikalipeleka kwa mwongozaji wetu wa sasa bila kumwambia mwenyewe. Mwongozaji aliutaka uingie kwenye ratiba mara moja. Bi. Vernell alipojua, alikaa siku tisa bila kusema nami ila kwa habari za kazi. Siku ya kumi aliweka kalamu chini.

"Doris, uliniuliza?"

"Sikukuuliza, Bi. Vernell."

"Ungeniuliza ningekataa."

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Akasema utapigwa, ila zile dakika mbili zirudi kuwa tupu kama alivyoziacha. Nikamwuliza kama atapiga yeye. Akanyoosha mikono juu ya meza. Vidole vya kulia havikunyooka. Kalamu ilikuwa imevikunja kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mbele ya macho yetu sote, na tulikuwa tunamsifu mwandiko.

Machi mwaka huu utungo ulipigwa, na mpiga piano alikuwa msichana kutoka Detroit. Dakika mbili zilipofika, okestra nzima ilinyamaza ikamsikiliza, ila besi peke yake iliyotembea chini yake. Watu walisimama. Bi. Vernell aliinama mara moja akaketi. Tulipobaki wawili kwenye ngazi, nilimwuliza kama amefurahi. Nadhani nilitaka aniambie kwamba amenisamehe.

"Nimefurahi," alisema. "Yule binti anajua kazi. Lakini aliyeuandika angefurahi zaidi, Doris. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na alikuwa na mikono."

Tukashuka ngazi taratibu, nikamfungulia mlango.

Tulipomwuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, alitaja kiti chenye mikono, kipana, kisichoangalia meza. Kimepatikana. Atahamia kwa mdogo wake Lurline, huko Toledo, na ameomba asitumiwe nota za kukagua, hata kwa dharura. Nimeahidi kwa niaba ya wote, nanyi mliozoea kumpigia simu mnisikie.

Bi. Vernell, asante kwa kila karatasi tuliyoisoma bila kufikiri nani aliiandika. Mwaka 1961 hakuna mtu wa okestra hii aliyekuomba radhi. Wengi waliokuwepo wamekufa, na waliobaki ni wazee. Nimeiomba bodi ruhusa ya kuandika sentensi moja katika jarida hili, nayo imeipitisha: tulikukosea, na tulijua. Sasa kaa kwenye kiti chako. Amka utakapo. Tunakuombea miaka mingi ya raha, na mikono isiyouma.

Doris Kubicek
Maktaba ya Nota