Sabuni Chini ya Daqing

Hakuna benchi duniani lenye vichwa kama lile la mbele ya duka la mikate ya mvuke la Bi Shan, pale Daqing, ambako mashine za kuvuta mafuta husujudu usiku na mchana katikati ya nyumba za watu na hakuna anayegeuka kuzitazama. Asubuhi hiyo chai ilikuwa kwenye chupa, maganda ya alizeti yamefika vifundoni, lakini Tong Kengele, mtunza visima, hakuwa na raha. Mashine iliyo mbele yao ilikaa juu ya kisima alichochimba marehemu baba yake. Mwaka mzima kilitema maji matupu. Wakubwa wa kampuni ya mafuta wakasukuma sabuni ardhini kupitia kisima cha jirani. Leo yakitoka maji tena, kinazibwa kwa saruji.

— Sabuni! — akacheka Luan Mkavu, dereva mstaafu. — Mnamwogesha nani huko chini?

— Jiwe, bwana! — akajibu Kengele. — Mafuta yameling'ang'ania kama shahamu ya kondoo kwenye sufuria ya Bi Shan. Maji yanapita tu. Sabuni ndiyo inayabandua!

— Jiwe lile nimelibeba mimi kwenye lori langu, gumu kuliko kichwa chako. Mafuta yanakaa wapi?

— Kwenye vitundu vyembamba kuliko unywele wa kichanga! Sabuni inapita kimoja kimoja, inabisha hodi. Saa hizi iko Korea!

— Basi kesho Wajapani wataamka na povu sebuleni.

— Mficha uchi hazai, — akasema Bi Shan. Methali haikuwa na mahali, ila nani ambishie? Chai ni yake.

Kengele akaenda kufungua bomba la kisima, akarudi na chupa. Maji ya kijivu, povu tupu. Luan akafungua mdomo amtanie, akamwona uso, akaufunga.

Povu likatulia. Juu ukajitenga mstari mweusi, kama uzi. Ukanenepa. Ukafika upana wa kidole.

Luan akavua kofia. Kengele, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, akasema tu:

— Baba.

Qiuyan, mkwe wa Bi Shan aliyewasili juzi kutoka kusini, akasimama na birika mkononi.

— Mafuta yalikuwa humo siku zote?

— Siku zote, mwanangu, — akasema Bi Shan.

— Na nyie mmekaa juu yake mnakula alizeti? Sasa humo chini kuna nini kingine?

Mashine ikasujudu, ikainuka. Luan Mkavu, taratibu, akainua miguu yake kutoka ardhini.