Mama wa Kijapani Ndani ya Gari

Basi la kwenda Nausori lilikuwa halijatoka jijini Suva, na tayari wanaume wawili wasiojuana, walioketi mbele ya Losalini, walikuwa wanabishana. Apenisa, yule mnene, alikuwa anakwenda kwa muuzaji wa magari kuchagua gari. Jirani yake wa kiti, Vilikesa, akamcheka. "Utalipia gari na kiyoyozi cha ofisi yao! Mimi langu niliagiza mtandaoni, moja kwa moja Japani."

"Likiharibika utamlilia nani? Bahari?"

"Haliharibiki! Tena lina adabu. Nikiliwasha tu, mama mmoja humo ndani ananiamkia Kijapani. Nami namshukuru, 'Vinaka, mama.'" Akaigiza ile sauti nyembamba.

Losalini alijiuliza mwenye gari lisiloharibika anatafuta nini kwenye basi, ila hakuulizwa.

Apenisa aliangua kicheko. "Nimevua samaki na Wajapani, bwana. Huyo hakuamkii! Anakugombeza hujaweka kadi ya kulipia barabara. Kwenu wapi wewe?"

"Kisiwani Kadavu."

"Ndiyo maana! Kumbe mtani wangu!" Na kwa kuwa mtani akitaka kitu cha mtani wake hanyimwi, akanyoosha mkono. "Basi gari ni langu. Lete ufunguo."

Vilikesa akautoa upesi mno. Basi likasimama mbele ya duka la magari.

"Chukua, mtani. Liko gereji, linangoja kipuri kutoka Japani. Ukimwona mama, mwambie nimemsamehe."