Kitambaa Ndani ya Kengele

Sogezeni viti vyenu, wanangu, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kupigia kelele. Nereo, kaa upande huu nikuone uso. Loreto, itungue ile darubini pale msumarini, keti ukielekea korongo, uanze kutazama huku mimi nikisema, kwa kuwa leo nina kazi mbili na sidhani kama nitaifikia jioni. Na kile kiti kizuri, kile cha ngozi cha marehemu baba yenu, mwachieni Brígida. Najua mnajiuliza tangu alfajiri kwa nini nimetuma nyumbu hadi bondeni kumleta mtu wa ukoo wa Arce ndani ya ua huu, ukoo ambao hatujasalimiana nao kwa miaka arobaini. Nimemwita kabla ya padri. Padri akifika atasamehe, ndiyo kazi yake. Brígida, kusamehe si kazi yake.

Naona hajagusa kahawa. Msimshurutishe.

Mimi Eulalia Zúñiga akili ninazo timamu, mapafu ndiyo yameniaga mapema. Nianze na mambo mepesi nisife nayo mdomoni. Nyumba hii na mitende iliyo nyuma yake ni ya Nereo. Nyumbu mweusi ni wa Loreto. Anauma, lakini wenyewe mmeshazoeana. Vitabu vyangu vya chuo kikuu washieni jiko, isipokuwa ule mwekundu wa mimea, una picha nzuri. Sitaki mashada, na mwenyekiti wa ushirika wetu wa ardhi asipewe nafasi ya kuhutubia kaburini kwangu, maana yule akianza kusema hata maiti huchoka. Wamebaki mbuzi, sitini na wawili, na hao ndio neno lenyewe.

Nereo, unatazama lango. Hii ni mara ya tatu. Leo nimeamka gizani kama kawaida yangu, nikasikia jogoo, nikasikia pampu ikivuta hewa kisimani badala ya maji, lakini kengele ya Catrina sikuisikia. Yule mbuzi ametangulia kundi miaka minne na hajawahi kulala zizini bila kutikisa shingo. Mbuzi hanyamazi kwa adabu. Kengele ikinyamaza na mbuzi yu hai, basi kuna mtu ameijaza kitambaa, na mtu wa mlima huu hajazi kengele kitambaa ila amekusudia kuvuka mawe meupe ya mpaka, kuwapeleka mbuzi wake kwenye jabia la juu, lile birika la mwamba, bila majirani kusikia. Usijibu. Sijakasirika. Kitambaa hicho nakijua, kwa sababu niliwahi kukitia mimi.

Loreto, unaona nini? Huoni kitu. Vizuri, anayekubali kwamba haoni ameshaanza. Wazee husema mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nasema aliyesema hivyo hakuwahi kutafuta kondoo-mwitu katika korongo la San Gabino. Nilifika hapa na macho mawili na shahada moja, nikiwa na miaka ishirini na minne, nimetumwa kuwahesabu, na kwa miezi mitano niliambiwa tazama kila siku. Aliyeniambia ni Sacramento Arce, baba yake Brígida. Ushirika ulinipa yeye awe kiongozi wangu, naye alivitazama viatu vyangu vya mjini tangu kidole hadi kisigino, jambo ambalo liliniuma kuliko tusi. Jioni ya siku ya sita akaniuliza, “Umeona wangapi, mwalimu?” Nikamwambia sikuona hata mmoja. Akasema, “Wao wamekuhesabu. Uko mmoja.”

Kisha akanifundisha, na haya ninayokwambia sasa, Loreto, ni yake, si yangu. Alisema, “Huwaoni kwa sababu unatafuta kondoo. Kondoo mzima yuko kwenye picha ya kitabu chako. Huku utampata vipande vipande.” Tafuta sikio. Tafuta tako jeupe, weupe wa maziwa si weupe wa chokaa. Tafuta kitu kilichopinda mahali ambapo kila kitu kimevunjika, maana mwamba haujui kupinda kama pembe. Keti kwanza mpaka moyo utulie, ndipo unyanyue darubini, na uanze na jirani kabla ya mbali, kwa kuwa mjinga huanzia kileleni huku dume limelala hatua hamsini mbele yake. Pasua mteremko matuta matuta kama mtu anayepalilia, ukimaliza tuta la mwisho rudi la kwanza, kwani kivuli kimeshasogea, na jiwe ambalo halikuwa na miguu sasa linayo. Usimtafute jike mwenye mtoto mahali pazuri. Yeye hukaa pale ambapo puma akimfuata atavunjika mguu. Na ukimwona usinyooshe kidole. Elekeza kwa kidevu, kama unavyomsengenya mtu kanisani. Nilicheka nikidhani ni ushirikina, mpaka siku niliyonyoosha mkono na mteremko mzima ukaondoka.

Endelea kutazama. Nereo, wewe sikiliza.

Mwaka uliozaliwa wewe ulikuwa wa tatu bila mvua, kama huu. Baba yenu alikuwa pwani akitafuta kibarua. Mimi nilikuwa na mbuzi thelathini, na maziwa yangu yalikatika ukiwa na miezi minne, ukawa unanyonya maziwa ya mbuzi kwenye chupa ya soda. Kisima kikakauka. Mbuzi wakakauka. Ukawa unalia kilio kile kidogo kisicho na machozi, ambacho mama akikisikia hasahau hata akifa, na mimi nakufa na bado ninakisikia. Juu kule jabia lilikuwa na maji, maji ya mvua ya kale yamekaa ndani ya mwamba, na mawe meupe yalikuwa njiani kama yalivyo leo, yamepakwa rangi na babu zetu wa ushirika: mbuzi asivuke. Kondoo-mwitu hawana kinga ya kikohozi cha mbuzi. Mtu yeyote katika mlima huu angeweza kusema hakujua, isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nimeliandikia jambo hilo kurasa sabini na nikapewa alama nzuri.

Nikakata kitambaa kwenye kanga ya kukubebea, nikakijaza ndani ya kengele. Nikawapandisha saa sita mchana, wakati kondoo wamelala kivulini mbali na maji, nikajiambia wasipokutana hapana neno. Msomi akitaka kukosa hukosa kwa hoja. Mbuzi wakanywa. Nilipowahesabu kushuka walikuwa ishirini na tisa. Yule wa thelathini, mwenye kikohozi, nilimkuta baada ya siku mbili, amekaa palepale ukingoni mwa jabia kama mwenye mji.

Nilipokuwa nikimkokota kushuka, nikamkuta mzee Sacramento amesimama kwenye jiwe jeupe la kwanza, na nyuma yake njia yote ilikuwa imefagiwa kwa tawi, hakuna alama ya kwato hata moja iliyobaki vumbini. Akamtazama mbuzi. Akanitazama mimi. Akauliza, “Mtoto amekunywa?” Nikasema amekunywa. Akasema, “Basi.” Akaondoka.

Wiki ya tatu nikajifunza njia ya mwisho ya kuwatafuta kondoo-mwitu, ile ambayo yeye hakunifundisha. Unakaa kimya na kuwasikiliza wakikohoa. Mnyama ambaye maisha yake yote ni kutosikika, Loreto, mpaka mwamba unakuwa na kelele kuliko yeye, sasa unampata umefumba macho, huyu kushoto, yule juu, mwingine chini kabisa ambako hawashuki kamwe. Korongo zima lilikuwa wodi. Walikuwa arobaini na saba, mimi mwenyewe niliwahesabu. Kikohozi kilipokwisha kupita, walibaki kumi na mmoja, na majira yaliyofuata hakuna mwanakondoo aliyeonekana.

Ushirika ukaitisha mkutano na kunitaka mimi, msomi wao, niandike nini kimetokea. Nikaandika kwa ile lugha ya wasomi ambayo ndani yake humkuti mtu: inakisiwa kwamba mifugo kutoka upande wa bondeni ilifika kwenye chanzo cha maji. Upande wa bondeni kulikuwa na mfugaji mmoja tu. Niliisoma kwa sauti. Wakamgeukia. Yeye alikaa na kofia magotini akinitazama jinsi alivyokuwa akiutazama mteremko, bila haraka, tuta kwa tuta, akingoja kitu kijitokeze. Hakikujitokeza. Wakamnyang’anya kazi ya kuongoza watu mlimani, wakauza mbuzi wake, akashuka pwani kupasua ngisi kiwandani, na huko ndiko alikofia. Siku aliyoondoka aliiacha darubini yake juu ya jiwe jeupe, imefungwa kwa leso. Ndiyo hiyo, Loreto, unayoitazamia. Mmeambiwa maisha yenu yote kwamba Arce waliua kondoo wetu ndiyo maana hatuwasalimii. Uhasama huo niliupanda mimi kwa sentensi moja, nikaumwagilia kwa kunyamaza, na wewe Nereo umeurithi kabla ya nyumba.

Tulia. Hakuna haja ya kusimama. Ni kikohozi tu, na hiki hakiambukizi.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo roho yangu iliponing’inia. Leo wako arobaini na watatu kule juu. Imewachukua miaka yako yote, mwanangu, kufika idadi hiyo. Wewe una mbuzi sitini na wawili wenye kiu na kisima kinachovuta hewa, na saa nne za mwendo kutoka hapa kuna jabia, na saa moja tu kutoka hapa kuna kisima cha Arce ambacho hakijawahi kukauka. Umeona heri kuvunja sheria ya mlima kuliko kubisha hodi kwa Brígida. Sikulaumu, nilikulea hivyo. Ila mimi nilivuka kwa ajili ya mtoto anayelia, na wewe unataka kuvuka kwa ajili ya kuona haya kuomba. Mimi na wewe tu wakosefu, lakini kosa langu lilikuwa na sababu nzuri zaidi, na bado liliua.

Brígida, sikuulizi kama unanisamehe. Swali hilo huulizwa na watu wanaotaka kulala vizuri, na mimi nitalala hivyo hivyo. Darubini ni yako. Maneno haya niliyosema nimeyaandika jana kwa mkono wangu mwenyewe, nimetia sahihi, na yatasomwa kwenye mkutano wa ushirika Jumapili, nikiwepo au nisiwepo, na humo ndani nipo mimi kwa jina. Hilo si bei ya maji yako. Ukisema lango lako litabaki na kufuli, hati itasomwa vilevile, na mbuzi wauzwe wote kabla jua halijazama, wasipande. Nereo, umesikia. Wauzwe, wasipande. Huo ndio wosia, mengine yote ni vyombo vya ndani.

Sema neno, Brígida. Hata tusi. Nitalipokea kama nilivyo, nimelala.

Unasema nini? Karibia, masikio yangu yametangulia.

Mmesikia alivyosema? Anasema lile tawi alilibeba yeye. Alikuwa na miaka kumi na miwili, baba yake akifagia upande huu wa njia, yeye akifagia ule. Anasema alijua siku zote. Anasema amengoja miaka arobaini, si kwamba nikiri, bali aone kama baba yake alikuwa mjinga kunisubiri.

Na alikuwa mjinga, binti yangu? Usinijibu leo.

Kunywa kahawa. Eti imepoa. Anasema sisi watu wa juu tangu zamani kahawa yetu ni baridi. Haya, hilo tusi nimelipokea, na ni la haki.

Nereo. Ametoa ufunguo. Upo mezani, karibu na kikombe. Usiuchukue kwa mkono ulionyooshwa tu kama mtu anayechukua chenji, mwamkie kwanza. Mwambie shikamoo, amekuzidi umri na mengine. Ndivyo. Sasa nenda zizini ukakitoe kile kitambaa, ukiteketeze, uwashushe mbuzi kwa njia ya bondeni, mchana kweupe, mbele ya majirani wote.

Loreto, wewe baada ya mazishi utamfuata Brígida. Atakufundisha tuta kwa tuta. Mwombe kwa adabu akuazime darubini. Usijifanye unajua kwa sababu wewe ni mwanangu, maana mimi nilijua sana, na mmesikia.

Nizikeni upande wa bondeni. Chini ya mawe meupe. Msinivushe.

Mungu awape maji ya kutosha, wanangu, na haya ya kutosha, na awanyime ufasaha wa kujitetea. Awape majirani wanaojua makosa yenu. Awape... ngojeni. Nishikeni kichwa kidogo.

Loreto, umeacha kupumua. Najua maana yake. Umepata sikio. Usiniambie wangapi. Elekeza tu... ndiyo. Kwa kidevu. Pale pale kwenye ukingo mbaya. Jike?

Na mtoto.

Nyamazeni sasa. Jogoo huyo mfukuzeni. Nataka kusikia...

Bado.

Bado... lango limelia. Hiyo ni Catrina. Hiyo ni kengele yake. Msiseme, msiseme, ninaisikiliza inakoelekea.

Inashuka.