Sekunde Sita za Baba

Treni ilikuwa bado haijashika kasi pale dada aliyekaa mbele yangu, mtunza kanda wa redio, alipomwambia mzee wa pembeni yake, "Nimempata baba." Mzee hakumjua, ila akauliza, "Kwani alipotea?" "Alifariki nikiwa na miaka minne. Alikuwa fundi mitambo pale pale redioni. Sura ninayo kwenye picha, sauti sina."

Akaeleza kwamba kanda za miaka arobaini zimehamishiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kuzipakua zote kungemchukua mwaka. "Kwa hiyo sikuzipakua. Nina daftari kwenye kompyuta: naandika amri, nabonyeza, jibu linatokea chini yake. Nikaituma amri ikafanye kazi huko huko kanda ziliko, isikilize moja moja, itafute jina lake."

"Yaani badala ya kuhamisha ghala, umetuma mtu ghalani," mzee akasema. Mimi niliyesomea kompyuta miaka mitatu sijawahi kueleza vizuri hivyo.

"Ikaniletea moja, ninayo humu kwenye simu. Imeandika tu kwamba mtangazaji anamwita, naye anaitika. Sekunde sita."

"Anasemaje?"

"Sijasikiliza. Nikisikiliza, sekunde ya saba nitakuwa nimefiwa tena."

"Sikiliza, mwanangu. Mke wangu hakuniachia hata kikohozi."

"Na ungeachiwa kikohozi kimoja, mzee wangu, kingekutosha?"

Treni ikasimama. Dada akashuka, simu ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Mzee akamfuata kwa macho dirishani, akinong'ona peke yake, "Sekunde sita nzima!"