Konokono za Mama Wanja

Veronicah: Haloo? Haloo? Ni nani mwenzangu?

Kawira: Mami, ni mimi Kawira. Hamjambo huko Kiritiri?

Veronicah: Aa, Mama Wanja! Hatujambo. Huko Meru kunanyesha?

Kawira: Mvua na baridi tu. Mami, niko na haraka. Konokono zangu ziko sawa? Kesho profesa anakuja na gari kuzichukua.

Veronicah: Umekula?

Kawira: Nimekula. Mami, konokono—

Veronicah: Network inakwaruza. Ngoja nitoke jikoni.

Kawira: Sasa unanisikia? Ile mashine ya kutia hewa kwa maji yao inafanya?

Veronicah: Tulizima.

Kawira: Mlizima? Zitakufa! Nilizitoa Ziwa Tanganyika nimezipakata kama mtoto! Za kwanza zilimalizwa na baridi ya hapa, ndio nikakuletea hizi huko kwa joto—

Veronicah: Mama Wanja. Nilizimwagia maji moto.

Kawira: Ulifanya nini?

Veronicah: Maji ya ugali. Ilikuwa imechemka.

Kawira: Zote?

Veronicah: Zote.

Kawira: Uui! Masomo yangu yote, Mami! Kwa nini lakini?

Veronicah: Daktari alisema kichocho inatoka kwa konokono ya maji. Na hapa kijijini nani anafuga konokono? Ni mimi, kando ya kitanda!

Kawira: Si hizo! Hizo haziko kwingine popote duniani, ni ziwa hilo moja tu, na hazina kichocho! Si ungenipigia—

Veronicah: Nilikupigia. Ukasema uko darasani.

Kawira: Hata kama! Profesa nitamwambia nini? Nitaanzia wapi mimi— Ngoja. Daktari wa nini?

Veronicah: Sasa ndio umeuliza.

Kawira: Mami, nani mgonjwa?

Veronicah: Wanja. Choo ilikuwa na damu, tumbo inamkata. Amepewa dawa, jana amekula kidogo.

Kawira: Wanja wangu? Na nilimkataza bwawa! Nani alimwachilia aingie—

Veronicah: Maji ya konokono ulitaka itoke wapi? Wewe ndio ulisema ya bomba iko na dawa, zitakufa. Alikuwa anaingia mpaka magotini, achote pale ni safi. Ukimwambia apumzike anasema ni kazi mama alimpatia.

Kawira: [kimya]

Veronicah: Haloo? Umekata?

Kawira: Niko. Mpe simu, Mami. Tafadhali.

Veronicah: Wanja! Kuja, ni mama... Amekataa. Amejificha nyuma ya mlango. Anasema utamuuliza konokono.

Kawira: Siulizi! Mwambie siulizi, mwambie nakuja leo, nikitoka hapa ni stendi moja kwa moja— Uui, credo ya simu inaisha! Mami, mwambie haraka—

Veronicah: Nimwambie nini? Inakwaruza... Haloo? Mama Wanja? Haloo? Toka huko, Wanja. Hakuna mtu kwa simu.